CHUMA KATIKA KINYWA CHA MUTOTO

Mafundisho kwa wamama wa kliniki, Kasha, Bukavu

Mwenye mutoto anayewaka homa akae karibu na mulango, ili aitwe mbele ya wengine.

Angalieni glasi tatu hizi juu ya meza. Siku munane zilizopita nilitia ndani ya zote tatu maji yaleyale: maji safi, chumvi kidogo na maji ya ndimu. Katika glasi ya kwanza niliweka musumari. Katika glasi ya pili niliweka musumari wa namna ileile, lakini niliuzungushia waya ya shaba, ile inayotoka ndani ya kamba za umeme. Katika glasi ya tatu niliweka kijiko cha inoksi, kama kile tunachotumia kwa chai. Wewe unayesoma karatasi hii nyumbani, unaweza kufanya vilevile na kujionea kwa macho yako.

Sasa munaona nini? Musumari wa kwanza umeshika kutu, maji yamekuwa na rangi ya chai. Musumari wa pili umeharibika zaidi, hata kama ni wa duka moja na wa bei moja. Kijiko kingali kinangaa.

Shikeni glasi hizi tatu katika mawazo yenu. Somo lote la leo limo ndani yake. Kwa maana kinywa cha mutoto ni kama glasi isiyokauka hata siku moja. Ndani yake kuna maji, kuna chumvi, kuna uchachu wa vyakula, kuna joto, muchana na usiku.

KWA NINI NINASEMA HABARI HII

Mama mumoja ataniuliza: «Sisi watu wa Kasha, tunatafuta franga ya bugali na sombe. Vyuma vya kunyoosha meno ni habari ya matajiri. Vinatuhusu nini?»

Ni ulizo zuri. Nitajibu kwa kuwaeleza jambo moja lililonipata mimi mwenyewe.

Kulikuwa musichana wa miaka 13. Meno yake ya mbele yalipandana, na shangazi yake anayefanya kazi katika muji mwingine alilipa ili atiwe vyuma. Musichana alipashwa kurudi kwa munganga wa meno kila juma la ine au la sita. Mwaka wa kwanza alirudi vizuri. Halafu mwezi wa pili mwaka 2025 vita ikaingia Bukavu. Munakumbuka siku zile. Benki zilifungwa, safari zikakatika, kila mutu alifikiri namna ya kulinda watoto wake tu. Nani angefikiri habari ya meno?

Baada ya miezi mingi mama yake alileta mutoto wake mudogo kwa chanjo. Akanionyesha na yule musichana, akasema: «Mama, chuma kimegeuka rangi, na waya inamuchoma katika shavu.» Nilitazama upesi upesi. Watu walikuwa wengi. Nikamwambia: «Hii ni inoksi, haishiki kutu. Mungojee tu mpaka njia ifunguke.»

Wamama, nilikosa. Neno langu lile lilimufanya arudi nyumbani bila wasiwasi, lakini mutoto aliendelea kuumwa. Basi mama akamupeleka kwa fundi mumoja wa radio. Fundi alikata ile waya iliyovunjika, akafunga waya yake ya shaba fasi ile. Hakuomba hata franga nyingi. Kwa juma moja mutoto hakulia tena. Lakini baada ya miezi mitatu kinywa kilinuka, nyufizi zilivimba, damu ilitoka kila asubuhi.

Tulipofika kwa munganga wa meno, alitoa vyuma vyote. Chini ya vipande viwili tulikuta mashimo katika meno ya mbele. Meno mengine mane yalikuwa na madoa meupe ambayo hayatoki kwa burosi. Na lile jino lililosogezwa kwa mwaka muzima, lilikuwa limerudi nyuma karibu nusu ya safari yake.

Mimi ni mwalimu wa wauguzi. Kila mwaka ninawafundisha wanafunzi kwamba mikasi ya inoksi isikae katika maji ya Javel kupita dakika 10, kwa sababu itaharibika. Nilijua kwamba inoksi inaweza kuliwa. Nilijua hayo ndani ya hospitali, nikayasahau mbele ya kinywa cha mutoto. Ndiyo sababu leo ninawafundisha ninyi.

NAMNA VYUMA VINAVYOSOGEZA MENO

Jino halikupigwa ndani ya mufupa kama musumari katika ubao. Kati ya jino na mufupa kuna nyuzi ndogo ndogo za nyama zinazolishikilia. Ukilisukuma jino polepole, siku kwa siku, mufupa wa upande linakokwenda unapunguka, na upande linakotoka mufupa mupya unajengwa. Hivi jino linatembea. Safari yake ni kama milimetre moja kwa mwezi. Kwa hiyo kazi yote inaomba mara nyingi mwaka mumoja na nusu, au miaka miwili, hata zaidi.

Munganga anabandika kipande kidogo cha chuma juu ya kila jino. Katika kila kipande kuna mufereji mwembamba, upana wake karibu nusu ya milimetre. Waya inapita katika mifereji hiyo yote. Waya inataka kurudi katika umbo lake la kwanza, na inaposukuma kurudi, inavuta meno pamoja nayo. Na meno yanapotembea, vipande vinateleza juu ya waya.

Shikeni neno hilo: vinateleza. Kama haviwezi kuteleza, meno hayatembei.

INOKSI INAJILINDA NAMNA GANI?

Zamani waganga wa meno walitumia sana zahabu, kwa sababu zahabu haishiki kutu. Lakini zahabu ni bei kali. Mwaka 1913, katika muji wa Sheffield, Uingereza, fundi wa vyuma jina lake Harry Brearley alitengeneza chuma kilichochanganywa na kromu, akaona kwamba hakishiki kutu upesi. Inoksi ya meno ya leo inatoka katika ukoo huo. Katika kila kilo 100 za chuma hicho, karibu kilo 18 ni kromu, na karibu kilo 8 ni nikeli. Kuna tena waya nyingine zilizotengenezwa kwa nikeli na titani, zenye kunyumbuka sana.

Kromu inafanya kazi gani? Inashikana na hewa na kutengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Hatuioni kwa macho. Ngozi hiyo inazuia maji yasikule chuma. Ukiikwaruza, inapona yenyewe, kama vile ngozi ya mukono wako inavyopona. Lakini ili ipone inahitaji hewa.

Hapa ndipo shida inaingia. Kama uchafu wa chakula unakaa juu ya chuma siku nyingi, hewa haifiki chini yake. Ngozi ikiumia fasi ile, haiponi tena. Ndipo uchachu na chumvi vinaanza kuchimba mashimo madogo madogo. Kwa inje chuma kinaonekana kizima, lakini katika pembe za mufereji, fasi burosi haifiki, kinaliwa. Rangi ya kahawia ambayo mama yule alinionyesha ilikuwa pale pale.

Uchachu unatoka wapi? Unatoka fasi mbili. Kwanza, vinywaji vyenyewe: Fanta, Coca, maji ya ndimu, maji ya marakuja. Pili, sukari. Vijidudu vya kinywa vinakula sukari na kutoa uchachu, na uchachu uleule unakula jino pia. Kwa hiyo chuma na jino vina adui mumoja. Mama anayelinda chuma analinda jino.

Na waya ya shaba ya yule fundi? Rudini kwa glasi ya pili. Vyuma viwili vya namna mbalimbali, vikigusana ndani ya maji yenye chumvi, vinafanya umeme kidogo, kama ndani ya mawe ya tochi. Kimoja kinabaki, kingine kinaliwa haraka. Fundi yule hakuwa mutu mubaya. Alitaka kusaidia. Lakini bila kujua aliweka jiwe la tochi katika kinywa cha mutoto.

KUSUGUANA KUNAKULA NGUVU

Ninyi wote munajua mulango wa chuma uliopigwa na mvua miaka mingi. Komeo lake lilikuwa likiteleza kwa kidole kimoja. Sasa munalipiga kwa jiwe. Komeo ni lile lile, mulango ni ule ule. Kilichobadilika ni nini? Kutu imefanya ukwaru, na ukwaru unashika.

Katika meno ni vivyo hivyo. Hata kama vyuma ni vipya na safi, waya na mufereji vinasuguana, na sehemu ya nguvu inapotea katika kusuguana huko, pengine hata nusu yake. Munganga anajua hayo na anayapima katika kazi yake. Lakini kama waya imekuwa na mashimo, kama uchafu umejaa katika mufereji, kusuguana kunazidi. Jino linalopaswa kutembea linakataa, na pengine meno ya nyuma, yaliyowekwa kuwa nguzo, ndiyo yanayovutwa mbele. Mama anasema: «Munganga ananidanganya, miezi inapita na sioni kitu.» Kumbe waya imekwama.

Ndiyo sababu munganga anaomba mutoto arudi kila mara. Anatazama waya, anatoa ile iliyochoka, anatia mupya. Safari ile si ya kuongeza franga tu. Waya ya kale katika kinywa ni kama kamba ya kisima iliyoanza kukatika: inavuta leo, lakini hujui kesho.

JE, KUTU INAMUTIA MUTOTO SUMU?

Mama wa musichana yule aliniuliza hivi akilia. Nilimujibu, na ninawajibu ninyi pia.

Vyuma vizuri vya munganga vinatoa nikeli kidogo sana katika mate. Ni kidogo kuliko ile tunayokula kila siku katika vyakula vyetu, kama maharagi na chai. Kwa watoto walio wengi haina hatari.

Lakini kuna watu ambao mwili wao unakataa nikeli. Tunaona hayo zaidi kwa wasichana na wamama waliotobolewa masikio na kuvaa hereni za bei ndogo. Kama sikio la mutoto wako linawasha na kutoa maji anapovaa hereni, mwambie munganga mbele hajatia vyuma. Iko namna nyingine ya chuma, kama titani isiyo na nikeli, inayoweza kumufaa. Na kama mutoto amekwisha kuvaa vyuma, kisha midomo inavimba, nyufizi zinakuwa nyekundu sana, au upele unatoka kando ya kinywa, mumurudishe kwa munganga bila kukawia.

Wengine wanasema kutu inaleta tetanosi. Kutu yenyewe haileti tetanosi. Ugonjwa huo unaletwa na kijidudu kinachokaa katika udongo na uchafu, kinachoingia kwa kidonda. Kinga yake ni chanjo. Kwa hiyo, mama, tazama leo karatasi ya kliniki ya mutoto wako na yako mwenyewe. Kama chanjo moja imekosa, usitoke hapa bila kuuliza.

VYUMA VYA MAPAMBO

Sasa ninakuja kwa wale waliosema kwamba habari hii ni ya matajiri. Katika inchi nyingi vijana wanataka vyuma vya meno kwa sababu wanaviona kama alama ya utajiri. Asiye na franga ya munganga anakwenda kwa mutu anayebandika waya kwa gundi. Katika inchi ya Thailand jambo hili lilizidi mpaka serikali ikakataza kuuza vyuma hivyo vya mapambo. Kijana wa Kasha mwenye simu anaona picha zile zile, na yeye anazitamani.

Mama, mwambie binti yako wazi. Waya isiyo ya munganga hujui imetengenezwa kwa nini. Gundi yake haikutengenezwa kwa kinywa. Inaweza kusukuma jino kwa nguvu mbaya mpaka likalegea. Inaweza kufunguka usiku na kuingia katika koo. Na kutu yake ni ile ya glasi ya kwanza na ya pili, si ile ya glasi ya tatu.

Na wewe mwenye mutoto mudogo mugongoni, linda meno yake ya maziwa. Ni 20, na kila moja linachunga fasi ya jino linalokuja nyuma yake. Likioza na kungolewa mapema, majirani wanalala katika nafasi yake, na jino la ukubwa linatoka limepinda. Wala usikubali mutu achimbe nyufizi za mutoto muchanga ili kutoa «meno ya minyoo» au «meno ya plastiki», kama wanavyofanya fasi nyingi za Afrika ya Mashariki. Zile si minyoo. Ni meno yenyewe ambayo hayajakomaa. Jino lisilopinda halihitaji chuma.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Mutoto mwenye vyuma asugue meno kila mara baada ya kula, na zaidi ya yote mbele ya kulala. Atumie burosi laini na dawa ya meno ya kawaida yenye fluori. Apitishe burosi juu ya waya, chini ya waya, na kati ya vipande. Mama asimame karibu na kutazama. Kijiti cha kutafuna hakifiki chini ya waya.

2. Asisugue vyuma kwa majivu, kwa muchanga, kwa unga wa makala, wala kwa sugulio la sufuria. Sufuria inangaa kwa majivu, ni kweli. Lakini waya inakwaruzika, na uchafu unapata fasi ya kujificha.

3. Fanta, Coca na bombo viwe vya siku ya sikukuu tu. Kama anakunywa, anywe kwa mara moja pamoja na chakula, kisha asukutue kinywa kwa maji. Kunywa kidogo kidogo muchana kutwa ni kubaya zaidi kuliko kumaliza chupa.

4. Asitafune miwa, mifupa, wala mahindi ya kuchoma yangali katika gunzi. Mahindi yapukuchuliwe na kupikwa mpaka yalainike.

5. Kama amepewa chuma cha kuvaa na kutoa, kisioshwe kwa maji ya moto, kwa maana plastiki yake itapinda. Wala kisilowekwe katika maji ya Javel, kwa maana Javel inakula chuma. Maji ya baridi, sabuni kidogo na burosi vinatosha.

KAMA NJIA YA KURUDI KWA MUNGANGA IMEFUNGWA

Hili ndilo neno ambalo ningepashwa kumwambia mama yule siku ile. Sikulisema. Ninawaambia ninyi.

Vyuma visibaki kinywani miezi na miezi bila munganga kuvitazama. Kama munganga wa kwanza yuko mbali, au vita imekata njia, mwende kwa munganga yeyote wa meno katika hospitali kubwa ya mjini. Hata kama hawezi kuendeleza kazi, anaweza kusafisha, kukata waya inayochoma, au kutoa vyuma vyote ili kuokoa meno. Meno yaliyopinda lakini mazima ni bora kuliko meno yaliyonyooka yenye mashimo. Mutunze karatasi ya munganga wa kwanza pamoja na karatasi za chanjo. Wakati wa kukimbia, iwe ndani ya mufuko mumoja.

Mukingoja siku ya kufika, tieni kwenye ncha inayochoma ile nta aliyotoa munganga. Kama haipo, tieni pamba safi kidogo muchana, lakini muitoe mbele mutoto hajalala. Mutoto asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha asugue meno vizuri. Musivute chuma kwa koleo. Musikubali waya ya fundi wa radio, wa pikipiki, wala wa saa.

Kama mutoto amemeza kipande cha waya, na zaidi kama anakohoa, anashindwa kupumua au tumbo linamuuma, ni hospitali saa ile ile, hata usiku.

Musichana yule sasa hana vyuma. Mashimo mawili yamezibwa. Madoa meupe yangaliko, na anapocheka bado anaweka mukono mbele ya kinywa. Mama yake hakunikasirikia. Aliniomba tu niwaambie wengine. Nimewaambia.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

Kwa nini kijiko cha glasi ya tatu hakikushika kutu kama misumari?
Kwa nini musumari wenye waya ya shaba uliharibika kuliko ule wa kwanza?
Uchafu unazuia kitu gani kisifike kwenye chuma?
Jirani yako akikuonyesha chuma cha mutoto wake kilichogeuka rangi, utamwambia nini?